Akili Katika Mizani ya Mpakani: Vipimo vya Utambuzi kutoka Maabara ya Nairobi hadi Shule za Busia, 1932–2021

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia jinsi akili za watu wa Afrika Mashariki zilivyopimwa, kuanzia darubini ya maabara ya Nairobi katika miaka ya 1930 hadi mradi wa dawa za minyoo katika shule za Busia, kusini mwa Malaba. Hoja kuu ni kwamba matokeo ya "hakuna tofauti" yaliyopatikana Busia mwaka 2000 yaliwahusu watoto waliopimwa, lakini yakasomwa kana kwamba ni hukumu juu ya watoto wote. Walioonekana baadaye kunufaika kiakili walikuwa wachanga ambao mradi haukuwapa kidonge hata kimoja. Jambo hilo lina uzito kwa wanaozishauri serikali mbili zinazopakana hapa kuhusu ada, ratiba na umri wa walengwa.

Utangulizi

Msafiri afikaye Malaba huona kwanza foleni ya malori, kisha reli, kisha mto. Mto huo ndio mpaka, na mpaka wenyewe ni wa kalamu. Hadi mwaka 1902 ng'ambo zote mbili zilihesabiwa kuwa Uganda; mwaka huo Waingereza waliihamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuiweka chini ya himaya yao ya Afrika Mashariki, nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Wateso wakabaki pande zote mbili, na Wasamia vivyo hivyo kusini zaidi. Leo mtoto wa Malaba ya Kenya na mwenzake wa Tororo hucheza katika udongo wa aina moja na kusikia lugha zile zile sokoni, ila afya na masomo yao huamuliwa na wizara tofauti. Mayai ya minyoo hayagongwi muhuri forodhani.

Swali ambalo washauri wa sera huliuliza sana kuhusu eneo hili ni fupi: je, kumtibu mtoto minyoo kunamwongezea akili? Linaonekana kuwa swali la kitabibu tu. Hata hivyo, kila anayelijibu hulazimika kuamua akili ni nini, itapimwa kwa chombo gani, katika umri upi, na matokeo yatasemwa juu ya nani. Katika Afrika Mashariki maamuzi hayo yana historia, na sehemu ya historia hiyo si safi.

Ubongo kwenye mizani

Mwaka 1934 F. W. Vint, mtaalamu wa patholojia katika maabara ya utafiti wa kitabibu mjini Nairobi, alichapisha katika Journal of Anatomy uchunguzi wa bongo 100 za Waafrika wa Kenya. Alizipima uzito, akachunguza tabaka za gamba la ubongo kwa darubini, na akahitimisha kwamba ubongo wa mtu mzima wa hapa ulikuwa umefikia kiwango cha mvulana wa Kizungu wa miaka saba au minane. H. L. Gordon, daktari aliyehusika na hospitali ya Mathari, aliyachukua madai ya namna hiyo na kuyageuza kuwa onyo la kisiasa: kwamba elimu ya Kizungu ingeweza kuwa hatari kwa akili isiyoweza kuihimili. Mwaka 1933 lilikuwa limekwisha kuundwa Kenya shirika la walowezi na madaktari lililojitambulisha kuwa la uchunguzi wa kuboresha mbari.

Wakati huo huo palikuwapo njia nyingine. Richard Oliver, aliyefadhiliwa na shirika la Carnegie la Marekani, alitengeneza jaribio la akili lililokusudiwa wanafunzi wa Kiafrika na kulichapisha mwaka 1932. Oliver hakuwa mwanamapinduzi, lakini alitambua ugumu wa kulinganisha watu ambao mazingira yao hayafanani. Tahadhari yake haikupata wasikilizaji wengi kama tarakimu za Vint. J. C. Carothers, aliyesimamia Mathari kuanzia 1938 hadi 1950, aliandika mwaka 1951 kuhusu sehemu ya mbele ya ubongo wa Mwafrika na kumfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa mishipa ya sehemu hiyo kwa upasuaji. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu kizima kuhusu akili ya Mwafrika. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikatoa andiko lake juu ya saikolojia ya Mau Mau, ambamo madai ya ardhi yaligeuzwa kuwa dalili za nafsi iliyovurugika.

Ni rahisi kuyafunga mambo haya katika kabati la ubaguzi na kuondoka. Nadhani tungepoteza somo. Msomaji wa leo wa uchunguzi wa Vint huuliza kwanza: marehemu hao walikula nini walipokuwa wachanga? Waliugua malaria mara ngapi, na safura iliwanyonya damu kwa miaka mingapi? Tarakimu ilitengwa na umri, mlo na mahali pake, kisha ikasemwa kuwa ni sifa ya taifa zima. Kosa la kuhama kutoka sampuli kwenda kwa "watu" halihitaji chuki ili litendeke. Laweza kutendwa hata na mtafiti mwenye nia njema, kama tutakavyoona Busia.

Akili ya nani?

Baada ya uhuru, swali liligeuzwa. Marshall Segall na wenzake walichapisha mwaka 1966 utafiti mkubwa juu ya utamaduni na uonaji, uliojumuisha washiriki wa Ankole na Toro nchini Uganda. Walionyesha kwamba hata jicho linapodanganywa na mistari miwili iliyo sawa kwa urefu, ukubwa wa udanganyifu huo hutofautiana kati ya jamii na jamii. Wao waliuhusisha na mazingira ya kukulia, kama vile kuishi katika nyumba zenye pembe za mraba. Mallory Wober, akiwa Makerere, aliuliza wanakijiji wa Buganda maana ya obugezi, akakuta kwamba waliuhusisha na utulivu na uangalifu, ilhali waliozoea mambo ya kigeni waliuhusisha na wepesi. Jaribio lenye saa mkononi, basi, humwadhibu mtu kwa kile ambacho nyumbani kwake kinaitwa busara.

Karibu zaidi na mpaka wetu, kusini mwa kinamasi cha Yala, timu ya Elena Grigorenko na Robert Sternberg ilifanya kazi miongoni mwa Wajaluo wa Usenge. Katika makala ya mwaka 2001 walieleza dhana nne zinazounda akili kwa maelezo ya wenyeji: rieko, yaani maarifa na ustadi; luoro, heshima na uwajibikaji; paro, fikra na uanzilishi; na winjo, uelewa unaotokana na kusikia. Kati ya hizo, ni rieko pekee iliyokaribia kile kinachopimwa shuleni. Katika makala nyingine ya mwaka huo huo waliwapima watoto 85 wa kati ya miaka 12 na 15 juu ya dawa za mitishamba, nyingi zikiwa za minyoo, na wakakuta kwamba watoto waliozijua zaidi walielekea kupata alama za chini katika baadhi ya majaribio ya kitaaluma. Haya si mambo ya kushangaza kwa msemaji wa Kiswahili, ambaye methali yake huonya kwamba akili nyingi huondoa maarifa.

Mwanaanthropolojia Wenzel Geissler, aliyefanya kazi katika eneo hilo hilo, alieleza kwamba wazee wengi hawakuwaona minyoo kuwa maradhi tu. Waliwahesabu kuwa sehemu ya uhai wa tumbo. Mtoto, basi, aliweza kujua mti wa kutuliza minyoo bila kuamini kwamba yapaswa kumalizwa yote. Anayekwenda kijijini na kidonge na karatasi ya majaribio kwa pamoja hukutana na elimu mbili zilizomtangulia: elimu ya tumbo na elimu ya akili.

Shule 75

Mwaka 1998 shirika la Kiholanzi la ICS, kwa ushirikiano na ofisi ya afya ya wilaya, lilianza kugawa dawa za minyoo katika shule 75 za msingi kusini mwa wilaya ya Busia, katika tarafa za Budalangi na Funyula. Wanafunzi walizidi 30,000. Kwa kuwa dawa hazingefika kote kwa mara moja, shule ziligawanywa katika makundi matatu ya shule 25. Kundi la kwanza lilianza 1998, la pili 1999, la tatu 2001. Mgawanyo haukufanywa kwa bahati nasibu hasa: shule ziliorodheshwa kialfabeti ndani ya kila eneo, na kila ya tatu ikaingizwa kundi moja. Kutoka katika orodha hiyo ya karani ilizaliwa mojawapo ya tafiti za maendeleo zinazonukuliwa sana duniani.

Hali ya mwanzo ilikuwa mbaya. Asilimia 92 ya wanafunzi waliopimwa walikuwa na angalau aina moja ya minyoo, na asilimia 37 walikuwa na maambukizi ya wastani au makali. Shule zilipewa albendazoli kwa ajili ya mchango, safura na mnyoo mjeledi. Zilizokuwa karibu na ziwa, ambako kichocho kilikithiri, ziliongezewa prazikwanteli. Edward Miguel na Michael Kremer walipochapisha matokeo mwaka 2004, walionyesha kwamba utoro wa shule ulipungua kwa robo, na kwamba hata watoto ambao hawakutibiwa walinufaika kwa kuwa mazingira yalikuwa na mayai machache ya minyoo.

Lakini alama za mitihani hazikubadilika. Mwaka 2000 watafiti walikuwa pia wamewapa wanafunzi majaribio ya utambuzi: kutafuta picha, majedwali ya Raven ambamo mtoto huchagua kipande kinachokamilisha umbo, kutaja maneno kwa wepesi, kukumbuka mfuatano wa tarakimu, hata kujifunza maneno ya Kihispania ambayo hakuna mtoto wa Budalangi aliyetarajiwa kuyajua. Huko nako hapakuonekana tofauti.

Tangu hapo "dawa za minyoo haziongezi akili" likawa jambo la kawaida kusemwa. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2012 na ya 2015 yalisisitiza kwamba ushahidi wa manufaa ya kiakili ni hafifu, na mwaka 2015 wataalamu wa London walioichambua upya data ya Busia walifichua makosa ya ukokotoaji, hasa katika manufaa yaliyodaiwa kufika shule za mbali. Mabishano hayo yalikuwa makali kuliko inavyopendeza katika majarida. Pande zote, hata hivyo, zilijadili watoto wale wale: wanafunzi waliokuwa madarasani, wengi wao wakiwa wamepita miaka saba.

Wasiomeza dawa

Takriban muongo mmoja baada ya kidonge cha kwanza, Owen Ozier alirudi katika jamii hizo na swali tofauti. Hakuwatafuta wanafunzi wa 1998. Aliwatafuta waliokuwa wachanga wakati huo, ambao mradi haukuwagusa kwa mkono wake. Alilinganisha waliokuwa chini ya mwaka mmoja shule ya kijijini kwao ilipoanza kupata dawa na wale ambao kijiji chao kilifikiwa baadaye. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2018, yalionyesha kwamba watoto hao walifanya vizuri zaidi katika majaribio ya utambuzi, yakiwemo majedwali ya Raven, kwa kiasi kinacholingana na kati ya nusu mwaka na miezi tisa au kumi ya masomo. Urefu wao haukuwa na tofauti. Manufaa yalikuwa makubwa zaidi kwa wenye kaka au dada waliokuwa shuleni na hivyo yumkini walitibiwa.

Kwa hiyo chombo kile kile kilichosema "hapana" mwaka 2000 kilisema "ndiyo" kilipoelekezwa kwa umri mwingine. Kwa mtazamo wa sayansi ya neva hili halishangazi. Katika mwaka wa kwanza ubongo hutumia takriban nusu ya nishati ya mwili uliopumzika, na njia za neva hujengwa kwa kasi isiyorudi tena. Maambukizi yanapoushughulisha mwili wakati huo, gharama yake si sawa na ile ya mtoto wa darasa la sita. Ieleweke, hata hivyo, kwamba katika utafiti huo hakuna ubongo uliopigwa picha. Mwili haukutoa ushahidi wa njia iliyopitiwa. Tunao mwanzo na mwisho tu.

Ushahidi wa ng'ambo ya pili ya mpaka unasaidia, ila hauko upande mmoja tu. Mashariki mwa Uganda, katika miaka ya mwanzo ya 2000, parokia 48 zilihusishwa katika jaribio la kuwapa dawa watoto wa mwaka mmoja hadi saba wakati wa siku za afya ya mtoto. Kevin Croke alitumia baadaye takwimu za Uwezo, shirika linalopima usomaji na hesabu nyumbani kwa mtoto, na akakuta kwamba watoto wa parokia zilizotibiwa walikuwa mbele. Kwa upande mwingine, katika utafiti wa Entebbe wajawazito 2,507 walipewa dawa za minyoo au dawa bandia, na Margaret Nampijja na wenzake hawakupata manufaa ya wazi katika utambuzi wa watoto wao. Huenda kinachoamua ni mazingira ya mtoto baada ya kuzaliwa zaidi ya damu ya mama kabla yake. Mimi naelekea huko, lakini tafiti hizi hazikulinganishwa katika mazingira mamoja, na tofauti kati ya ufuo wa Entebbe na mashamba ya Busia si ndogo.

Ada, ratiba na mto

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa tiba ya halaiki huanzia miezi 12. Mtoto aliye chini ya umri huo hapewi kidonge. Iwapo mwaka wa kwanza ndio wenye uzito kwa ubongo, basi njia iliyobaki ya kumlinda mchanga ni kumtibu anayembeba mgongoni, na katika vijiji vya mpakani anayembeba mara nyingi ni dada yake wa darasa la nne.

Ndiyo maana jaribio jingine la Busia, lisilotajwa sana katika mijadala ya akili, linastahili kusomwa upya. Mwaka 2001 baadhi ya shule ziliwataka wazazi kuchangia ada ndogo, wastani wa senti 30 za Marekani kwa mtoto. Kremer na Miguel waliripoti mwaka 2007 kwamba waliotumia dawa walishuka kutoka takriban asilimia 75 hadi chini ya asilimia 20. Kuwaomba watu waahidi mapema kwa mdomo kwamba watakunywa dawa hakukusaidia, na elimu ya usafi iliyotolewa shuleni haikuonekana kubadili mienendo. Jambo la kufikirisha zaidi ni kwamba familia zilizokuwa na marafiki wengi katika shule zilizotangulia kupata dawa zilielekea kuitumia kidogo zaidi. Zilikuwa zimesikia kutoka kwa wenzao kwamba manufaa kwa mnywaji mwenyewe si makubwa, na kwa kiasi fulani zilisikia kweli. Mzazi alipiga hesabu ya mtoto aliyeombewa ada. Mdogo wake aliye mgongoni hakuwamo katika hesabu hiyo, kwa kuwa wakati huo hata watafiti hawakuwa wamemhesabu.

Matokeo ya baadaye yameongeza uzito wa jambo hili. Wanafunzi wa 1998 wamefuatiliwa kwa miaka 20, na ripoti ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba waliopata miaka miwili au mitatu zaidi ya dawa walikuwa na matumizi ya nyumbani makubwa kwa asilimia 14 na mapato ya saa kwa asilimia 13. Hakuna hata moja kati ya tarakimu hizo iliyoonekana katika mtihani wa mwaka 2000. Mshauri aliyeongozwa na mtihani huo pekee angeufunga mradi.

Kenya ilianza kugawa dawa shuleni kitaifa mwaka 2009, ikawafikia watoto milioni 3.6. Uganda ina kampeni yake ya siku za afya ya mtoto mara mbili kwa mwaka. Kila moja ina mantiki yake katika mji mkuu wake. Malaba mantiki hizo hukutana vibaya. Tangu Uganda ilipofuta karo ya shule za msingi mwaka 1997 na Kenya mwaka 2003, si ajabu kumkuta mtoto anayelala upande mmoja na kusoma upande wa pili, na hivyo kuhesabiwa mara mbili au kutohesabiwa kabisa. Upande wa Kenya, Katiba ya 2010 iliongeza mpaka mwingine: elimu ya chekechea na huduma nyingi za afya ziko chini ya kaunti, shule za msingi ziko chini ya serikali kuu. Mtoto mchanga, ambaye hayuko shuleni wala katika umri wa kidonge, si wa ofisi yoyote katika mpango huu.

Pendekezo la makala haya kwa ofisi za Busia na Tororo ni dogo. Siku za dawa zilingane katika pande zote mbili za mto, pasiwe na ada ya aina yoyote, na daftari la mwalimu anayegawa vidonge liongezwe safu moja: idadi ya watoto walio chini ya mwaka mmoja nyumbani kwa mwanafunzi. Safu hiyo haiongezi gharama ya dawa. Mtafiti atakayefika Malaba mwaka 2040 na majedwali ya Raven, au na chombo bora kilichotungwa kwa Kiteso na Kisamia, ataweza kujua ni mlango gani wa kubisha.